Milipuko ya redio kutoka mbali inapimaje usawa wa ulimwengu?

Swali: “Nimesoma kwamba milipuko mifupi ya redio inayotoka kwenye galaksi za mbali inaweza kutumika kupima kama ulimwengu uko sawa pande zote. Sijaelewa. Ikiwa wataalamu wenyewe hawajakubaliana milipuko hiyo inatokana na nini, na kila mmoja una nguvu yake, itapimaje kitu chochote? Na je, kuna aliyekwisha kupata upande mmoja wa anga ulio tofauti na mwingine?”

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi. Kwa kutumia milipuko hii, hapana. Hakuna tofauti ya pande iliyopatikana ikakubalika. Na ukikutana leo na dai la namna hiyo lililotegemea milipuko mia moja hivi, lisome kwa jicho kali. Hesabu ya kwa nini nasema hivyo nitakupa huko chini, na si ngumu.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Elimu ya ulimwengu imejengwa juu ya dhana kwamba ukitazama eneo kubwa la kutosha, la mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru, ulimwengu unafanana kila upande. Karibu na sisi haufanani hata kidogo: kuna makundi ya galaksi huku na utupu kule. Usawa unaodaiwa ni wa wastani. Ushahidi wake mkubwa ni ule mnururisho wa kale unaojaza anga lote, wenye joto la kelvini 2.725. Joto hilo hutofautiana kati ya sehemu moja ya anga na nyingine kwa kiasi cha sehemu moja tu katika 100,000, ukishaondoa jambo moja kubwa: upande mmoja wa anga una joto lililozidi wastani kwa milikelvini 3.36, na upande unaoutazama umepungua kwa kiasi hichohicho. Mpangilio huo wa kuzidi huku na kupungua kule ndio unaoitwa dipoli.

Dipoli hiyo tunaieleza kwa mwendo wetu. Jua, pamoja na sayari zake zote, linasafiri kwa kilomita 370 hivi kwa sekunde, kuelekea upande wa kundinyota la Simba. Anayekimbia kwenye mvua hulowa zaidi mbele kuliko mgongoni, ingawa mvua inanyesha sawa kila mahali. Ni hivyohivyo kwa mnururisho.

Hapo ndipo utata ulipoingia. Mwaka 1984 George Ellis na John Baldwin walionyesha kwamba mwendo huohuo lazima uonekane pia katika hesabu ya vyanzo vya mbali: mbele yetu tuhesabu vingi kidogo, nyuma vichache kidogo, na kiasi cha tofauti kinakokotoleka. Mwaka 2021 Nathan Secrest na wenzake walichapisha hesabu ya kwasari (viini ang’avu mno vya galaksi za mbali) milioni 1.36 zilizoonwa na chombo cha angani cha WISE. Dipoli waliipata, na inaelekea upande usio mbali na ule wa mnururisho, lakini ukubwa wake ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule uliotarajiwa. Baadhi ya hesabu za vyanzo vya redio nazo zilikuwa zimeshatoa dipoli kubwa kupita kiasi. Basi ama kuna kasoro katika namna ya kuhesabu, ama ulimwengu hauko sawa kama tunavyofundishana. Mimi bado niko upande wa kasoro, ila siwezi kulipuuza jambo hilo, na ndiyo sababu ya kutafuta shahidi mwingine ambaye udhaifu wake haufanani na wa kwasari.

Shahidi huyo ndiye unayemuuliza. Mlipuko wa kwanza ulitangazwa mwaka 2007 na Duncan Lorimer na wenzake, waliokuwa wakipekua kumbukumbu za darubini ya Parkes ya Australia za mwaka 2001. Ulidumu chini ya milisekunde 5. Tangu hapo imeonekana maelfu, mingi ikinaswa na CHIME, darubini ya Kanada yenye mabirika manne makubwa, kama nusu za bomba, yaliyolala chali, isiyogeuka wala kuinuka, inayongoja anga lipite juu yake. Kuhusu chanzo, una haki ya kusema hakuna makubaliano kamili, ingawa tarehe 28 Aprili 2020 mlipuko wa aina hii ulitoka ndani ya galaksi yetu wenyewe, kwenye magneta iitwayo SGR 1935+2154, yaani mabaki ya nyota yenye uga wa sumaku wa kutisha. Kwa hiyo angalau baadhi inatokana na magneta.

Ila kwa kazi hii chanzo hakitushughulishi sana. Nguvu ya mlipuko ikiwa kubwa au ndogo, hatuigusi. Tunachosoma ni njia uliyopita.

Mawimbi ya redio yakipita penye elektroni huru hucheleweshwa, na masafa ya chini hucheleweshwa zaidi kuliko ya juu. Chukua mlipuko ambao kipimo chake cha mtawanyiko ni 500. (Kipimo hiki huhesabiwa kwa parseki kwa kila sentimita ya ujazo; parseki moja ni miaka ya nuru 3.26 hivi. Ni idadi ya elektroni zilizopangwa njiani kutoka kule hadi hapa, basi.) Kwenye megahezi 800 mlipuko huo utachelewa sekunde 3.2 kuliko ambavyo ungefika kama njia ingekuwa tupu. Kwenye megahezi 400 utachelewa karibu sekunde 13. Kitu kilichotoka kwenye chanzo kwa milisekunde chache kinaingia kwenye darubini kikiwa kimevutwa kwa sekunde kumi hivi, masafa ya juu yakitangulia na ya chini yakifuata kwa mkunjo unaojulikana kihesabu. Ukiupima mkunjo, umehesabu elektroni. Na kipimo hicho ni makini sana: 500 ile mara nyingi inajulikana kwa kosa lisilofika hata 1.

Linganisha na nyota zinazolipuka, ambazo zimetumika kwa kazi hiihii kwa miaka mingi. Pale lazima udhani kwamba zote zina mwangaza halisi unaofanana, kisha usahihishe vumbi, kisha usahihishe tofauti za darubini. Hapa hakuna mwangaza wa kusahihisha. Hiyo ndiyo faida kubwa ya milipuko, na ndilo jibu la kiini cha swali lako.

Elektroni hizo ziko wapi? Maada nyingi ya kawaida, takriban robo tatu, haimo kwenye nyota wala ndani ya galaksi. Imetandaa katikati ya galaksi kama gesi nyembamba mno, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haionekani vizuri. Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake walichukua milipuko michache ambayo galaksi zake zilikuwa zimetambuliwa kwa darubini ya ASKAP ya Australia Magharibi, wakaonyesha kwamba mtawanyiko huongezeka na umbali kama inavyotarajiwa iwapo gesi hiyo ipo. Kwa kukadiria, galaksi ikiwa kwenye mhamo mwekundu wa 1 (mhamo huo ni kiasi ambacho nuru yake imerefushwa na kutanuka kwa ulimwengu, na hutumika kujua umbali), gesi ya katikati ya galaksi peke yake inachangia mtawanyiko wa kama 1,000, zaidi au pungufu.

Sasa usawa unapimwaje? Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kuhesabu tu: milipuko mingapi inatoka upande huu, mingapi upande ule. Ni rahisi kuieleza, na kwa maoni yangu haina mustakabali wa karibu. Ukitawanya vyanzo N juu ya anga kwa bahati nasibu tupu, ukatafuta dipoli yao, hutapata sifuri. Kwa kawaida utapata kitu cha ukubwa wa 3 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha N. Katalogi ya kwanza ya CHIME, iliyotolewa mwaka 2021, ina milipuko 536 kutoka vyanzo 492, kwa sababu baadhi ya vyanzo hurudiarudia na hivyo huhesabiwa mara moja tu. Fanya hesabu: dipoli ya karibu asilimia 13 ingejitokeza yenyewe hata kama vyanzo hivyo vingetawanyika sawa kabisa kila upande. Ile tunayoitafuta ni ya asilimia moja hivi au chini yake. Ili kelele, yaani dipoli hiyo ya bahati nasibu, ishuke hadi asilimia 1 unahitaji vyanzo 90,000. Kwasari zimetushinda kwa mbali hapo, maana ziko zaidi ya milioni.

Ya pili ndiyo yenye tumaini. Unachukua milipuko ambayo galaksi zake zinajulikana pamoja na mhamo wake mwekundu, kisha unauliza: kwa umbali uleule, je, mtawanyiko upande huu wa anga ni mkubwa kuliko upande ule? Hapa kila mlipuko unatoa kipimo, si kura moja tu ya “nipo”. Tuseme mtawanyiko wa gesi ya ulimwengu hupishana kati ya mlipuko na mlipuko kwa asilimia 30, kwa sababu njia moja hupita kwenye utando mnene wa galaksi na nyingine hupita kwenye utupu. Basi kosa la dipoli katika kila mmoja wa mihimili mitatu ya anga ni 0.3 mara kipeuo cha pili cha 3 juu ya N. Milipuko 2,700 inalishusha kosa hilo hadi asilimia 1. Ukitaka kuiona dipoli ya asilimia 1 ikiwa imezidi kelele mara tatu, andaa milipuko 24,000 na ushei. Ni mingi, lakini si mingi kama inayohitajika katika njia ya kuhesabu.

Milipuko iliyo na galaksi inayojulikana leo ni mia na kidogo. Ingiza 100 katika hesabu ileile, ujumlishe mihimili yote mitatu: utaona kwamba ulimwengu ulio sawa kabisa ungekupa dipoli ya karibu asilimia 9 bila sababu yoyote. Ndiyo maana nilikuonya mwanzoni. Dipoli haina hasi; ni urefu wa mshale, na mshale wa kelele nao una urefu. Mtu akikuambia “nimepata dipoli ya asilimia 8”, muulize ukubwa wa dipoli aliyoipata baada ya kuchanganya mitawanyiko hiyo na kuigawa upya kwa milipuko bila mpango, mara elfu kadhaa. Kama nusu ya michanganyiko ilitoa kubwa kuliko hiyo, hakuna kitu hapo. Na kama alizunguka anga lote akitafuta mstari unaoligawa katika nusu mbili zinazotofautiana zaidi, mstari huo atauona tu, hata wapi. Lazima kutafuta huko kuingizwe kwenye hesabu ya uwezekano.

Mwendo wetu wenyewe, kwa njia, nao unagusa mtawanyiko. Tukielekea kwenye chanzo, masafa yote hupanda kidogo na muda wa kuchelewa hufupika kidogo. Kwa kuwa mtawanyiko hukokotolewa kwa muda mara masafa ya kipeo cha pili, matokeo yake hupanda kwa sehemu 1.2 katika 1,000. Kwa mlipuko wa 500 hiyo ni 0.6. Kuliona hilo peke yake kungetaka milipuko karibu 190,000 hata kwa kosa linalolingana na ishara yenyewe, kwa hiyo tuliache.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kelele zote ni za bahati nasibu. Laiti ingekuwa hivyo. Adui mkubwa wa kipimo hiki ni Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa sababu yenyewe haiko sawa pande zote na kila mlipuko ni lazima upite ndani yake kabla ya kutufikia. Ukitazama juu, mbali na bapa la galaksi (ile sahani yenye nyota zake nyingi), elektroni zetu huchangia 20 au 30. Ukitazama kando ya bapa, huchangia mamia. Kiasi hicho huondolewa kwa kutumia ramani zilizotengenezwa kwa mapigo ya palsa (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio), mbili zinazotumika zaidi zikiitwa NE2001 na YMW16, nazo hazikubaliani kila mahali. Kosa lolote lenye umbo kwenye ramani hiyo huingia moja kwa moja kwenye jibu kama tofauti ya ulimwengu. Tafakari: dipoli ya asilimia 1 kwenye mtawanyiko wa 500 ni 5 tu. Nani ana hakika ya elektroni za galaksi yetu kwa kiasi cha 5, katika kila upande?

Nje ya bapa kuna pia gesi ya moto inayoizunguka galaksi kama wingu, ambayo palsa hazifiki mbali vya kutosha kuipima. Mlipuko uitwao FRB 20200120E ulisaidia sana. Ulipatikana katika kishada cha nyota cha galaksi ya M81, umbali wa parseki milioni 3.6, na mtawanyiko wake wote ni 88 hivi. Hiyo inajumuisha bapa letu, wingu letu na chochote cha M81. Kwa hiyo katika upande huo wingu letu haliwezi kuwa zito kama baadhi ya makadirio yalivyodai. Katika upande huo tu, lakini. Tungehitaji kadhaa za namna hiyo, zilizotapakaa angani.

Kuna tatizo jingine kule kwenye galaksi ya chanzo. FRB 20190520B una mtawanyiko wa 1,205 ingawa mhamo wake mwekundu ni 0.241 tu. Mwanzoni ziada yote, kama 900, ilibandikwa kwenye galaksi yake. Baadaye watafiti walipochunguza galaksi zilizo mbele yake waligundua kwamba njia ya mawimbi ilipita kwenye makundi mazito ya galaksi, na sehemu kubwa ya ziada ikahamia huko. Ukiwa na milipuko mia, kimoja kama hicho kinatosha kuuvuta mshale mzima upande wake. Wapo wanaokitupa nje kwa kuwa kimepotoka. Mimi naona afadhali kukibakiza, na kukadiria uwezekano wa njia kupita kwenye makundi, kwa sababu ukishaanza kutupa usichokipenda hujui utaishia wapi.

Historia imeshatupa funzo katika jambo hili. Katika miaka ya mwanzo, milipuko ya Parkes ilionekana kuwa michache karibu na bapa la galaksi kuliko mbali nalo, na sababu zikatafutwa, nyingine za kifizikia za kuvutia sana. Milipuko ilipoongezeka dalili ikafifia, na mwaka 2021 timu ya CHIME, baada ya kuzingatia darubini ilitazama wapi kwa muda gani na kwa wepesi gani wa kunasa, haikuona uhusiano wowote na bapa. Hiyo ni aina moja ya kutokuwa sawa iliyokwisha kukataliwa, na kwa vyovyote ilikuwa ihusishwe na galaksi yetu, si na ulimwengu.

Tuseme sasa vizuizi vyote vimevukwa na tofauti ya kweli imebaki. Itakuwa na maana gani? Hapa watu huruka haraka. Mtawanyiko kwa umbali fulani unategemea wingi wa maada ya kawaida, sehemu yake iliyo katika hali ya gesi yenye elektroni huru, na kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, vyote kwa pamoja. Upande mmoja ukizidi, huenda kutanuka ndiko kunakotofautiana, huenda ni gesi tu imelundikana huko. Milipuko peke yake haitenganishi haya. Itabidi iwekwe sambamba na nyota zinazolipuka na hesabu za galaksi, tuone kama mishale yote inaelekea upande mmoja.

Kinachokosekana leo kuliko vyote ni anga la kusini. CHIME iko British Columbia na haioni chini sana ya ikweta ya anga. Imejengewa vituo vya pembeni, kikiwemo kimoja Green Bank, West Virginia, na kingine Hat Creek, California, ili itambue galaksi ya mlipuko badala ya kujua tu sehemu ya anga. Kusini wapo ASKAP na MeerKAT ya Afrika Kusini, wenye jicho kali lakini idadi ndogo. Dipoli inayopimwa kwa nusu ya anga huchanganyika na maumbo mengine, kwa hiyo kuongeza elfu moja kusini kuna faida kuliko kuongeza elfu tatu kaskazini.

Ukipenda kujionea mwenyewe, katalogi ya CHIME ya 2021 iko wazi kwa yeyote. Geuza mahali pa kila chanzo kuwa mshale wa urefu mmoja, tafuta wastani wa mishale yote, zidisha kwa tatu. Utapata dipoli kubwa ya kushangaza inayoelekea karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Hiyo ni Kanada, si ulimwengu. Kisha pima kila chanzo kwa muda ambao darubini ilitazama sehemu ile, ukikumbuka kwamba walio karibu na ncha hupita mbele yake mara mbili kwa siku, uone mshale unavyosinyaa.